Safari ya Mavumbi

Nchi ya Dodoma ni nchi kavu. Mvua hunyesha kuanzia Desemba hata Aprili, nayo ni kiasi cha milimita 570 tu kwa mwaka. Kisha kiangazi huishika nchi. Katika miezi hiyo upepo huvuma kwa nguvu, na wakati wa adhuhuri kisulisuli huzuka uwandani, kikazunguka kama pia. Huchukua vumbi jekundu na majani makavu, na mara nyingine mfuko wa plastiki, hata ukaonekana juu kama mwewe. Watoto huutazama mpaka utoweke, kisha husema, "Umekwisha." Lakini haukwisha. Umekwenda mahali pengine tu.

Jani la mbuyu likianguka, mchwa hulila, nalo hurudi kuwa udongo. Plastiki si hivyo. Imefanywa kwa mafuta yatokayo chini ya ardhi, wala mchwa hawaiwezi. Jua huikausha mpaka ikapasuka, ng'ombe huikanyaga, mchanga huisugua. Hivyo mfuko mmoja huwa vipande mia, na vipande mia huwa mavumbi. Vipande vilivyo chini ya milimita 5 wataalamu huviita mikroplastiki. Vingine ni vidogo hata havionekani ila kwa hadubini, tena ni vyepesi, na upepo huvichukua kama uchukuavyo vumbi la barabarani.

Je, mavumbi hayo hufika wapi? Upande wa kusini kabisa wa dunia iko nchi ya Antaktika. Huko hapana shamba, wala soko, wala kijiji. Karibu nchi yote imefunikwa kwa barafu na theluji, kama ile iliyoko kileleni Kilimanjaro, lakini kubwa kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2019 wataalamu kutoka New Zealand walikusanya theluji mpya mahali 19 karibu na kisiwa cha Ross. Habari zao zilitolewa mwaka 2022: mahali pote 19 plastiki ilionekana. Katika kila lita moja ya theluji iliyoyeyushwa palikuwa na vipande 29 kwa wastani. Aina iliyozidi ni ile itumiwayo kufanyia chupa za vinywaji na nguo. Yaelekea vingine vilitoka katika nguo na vyombo vya vituo vya wataalamu vilivyo karibu, na vingine vililetwa na upepo kutoka mbali sana.

Wala plastiki si msafiri wa kwanza. Miaka ya 1960 dawa ya kuulia wadudu iitwayo DDT ilikutwa katika miili ya pengwini, ndege wasioruka, huko huko Antaktika, mahali pasipo shamba la kunyunyiziwa dawa. Sababu yake mtu aweza kuiona jikoni. Sufuria ikichemka, mvuke hupanda, na ukigusa kifuniko kilicho baridi hugeuka kuwa matone. Kadhalika jua la nchi za joto huipandisha sumu hewani, upepo huichukua, na ifikapo penye baridi huanguka. Hushuka, hupanda tena, hushuka tena, mpaka ifike nchi ya barafu isikoweza kutoka upesi. Ncha za dunia ni kama kifuniko cha sufuria. Kwa ajili hiyo mataifa yalipatana mwaka 2001, katika mji wa Stockholm, kuzuia sumu za namna hii, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2004.

Hata katika nyanda za kati pako mahali panapofanana na hapo, si kwa baridi bali kwa kukosa njia ya kutokea. Mto Bubu hutoka upande wa Kondoa ukashuka mpaka bwawa la Bahi, wala hauendelei mpaka baharini. Maji hukauka kwa jua, na chumvi hubaki. Na kama chumvi inavyobaki, ndivyo kibakivyo kila kitu kisichooza kilichochukuliwa na mafuriko ya makorongo. Watu hulima mpunga huko Bahi, huvua samaki, na hunywesha mifugo. Ng'ombe au mbuzi akimeza mifuko, tumbo lake huzibwa, naye hukonda mpaka afe. Habari iliyochapishwa mwaka 2016 yasema kwamba katika sangara na sato walionunuliwa Mwanza, mmoja katika kila watano alikutwa na plastiki tumboni. Basi yatupwayo na watu hurudi kwa watu.

Serikali iliona hatari hii. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza Bungeni Dodoma kwamba mifuko hiyo itakatazwa Tanzania Bara, na tangu tarehe 1 Juni 2019 ikakatazwa. Lakini chupa na vifungashio havikukatazwa siku ile.

Wengine hudhani dawa ni moto. Wakusanyapo taka za shule, huzichoma pamoja na plastiki, wakafurahi kuona uwanja mweupe. Lakini moshi wa plastiki una sumu, na baadhi ya sumu hizo ni za jamaa ile ile iliyozuiwa Stockholm. Kuchoma si kumaliza. Ni kuipandisha sumu juu ya upepo. Heri kikapu cha ukindu kitumikacho miaka mingi, na kibuyu kilichobeba maji tangu siku za mababu. Na chupa iliyokwisha kununuliwa itumiwe tena na tena, kisha ipelekwe kwa wanunuzi wa chupa kuukuu. Mavumbi yaliyokwisha kufika Antaktika hapana awezaye kuyafagia. Lakini mfuko ulio mkononi bado waweza kuzuiwa.

MASWALI
1. Kwa nini jani la mbuyu huoza, na plastiki haiozi?
2. Eleza kwa mfano wa sufuria jinsi DDT ilivyofika nchi ya barafu.
3. Bwawa la Bahi lafanana na Antaktika kwa jambo gani?
4. Kwa nini kuchoma plastiki si kuimaliza?