Shokapu Haibebi Mzigo: Mafunzo Niliyopata Katika Barabara za Singida

Kazi yangu ni kubeba vitunguu na alizeti kwa Hilux, kutoka vijiji vya upande wa Mtinko na Nduguti hadi Singida mjini. Wakati wa mavuno magunia ni lumbesa, barabara ya changarawe imekauka kabisa, na kifaa kinachochoka mapema kwenye pikapu zetu ni shokapu. Dukani wenzangu wengi huuliza swali moja tu: "Hizi ni ngumu?" Swali hilo linatupotezea fedha nyingi, na ndiyo sababu nimeandika haya.

1. Mzigo ni kazi ya springi

Pikapu ikikaa chini nyuma baada ya kupakiwa, anayehusika ni springi. Shokapu haiinui gari. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili kupitia vitundu vidogo, na ule ugumu wa oili kupita ndio unaozuia gari lisiendelee kudunda likishavuka shimo. Aliyelemewa na mzigo aongeze bamba kwenye springi, au apunguze gunia moja.

Shokapu ngumu kupita kiasi ina hasara yake. Ukirudi kijijini bila mzigo, nyuma ni kwepesi, tairi linarukaruka badala ya kushika ardhi, na kwenye kona yenye changarawe mkia wa gari unahama. Abiria waliokaa nyuma ndio wanaolipia ugumu huo.

2. Kinachoziua hapa kwetu ni joto

Anayeendesha kwenye lami ya kwenda Manyoni na Dodoma hawezi kulijua hili vizuri. Barabara zetu za vumbi zina vijituta vidogo vinavyofuatana, mithili ya yale matuta ya rasta ya kwenye lami. Piga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linapita karibu mita 17 kila sekunde. Vijituta vikiachana kwa sentimita 70, gurudumu linapanda na kushuka zaidi ya mara 20 kwa sekunde moja, na kila mara pistoni inasukuma oili. Nguvu yote hiyo inageuka kuwa joto. Shuka uguse shokapu baada ya kipande kirefu cha namna hiyo, lakini uguse kwa tahadhari, maana inaunguza.

Oili ikipata joto na kutikiswa hivyo inatoa povu. Povu linapita kwenye vitundu kirahisi, na ghafla shokapu inakuwa kama haipo. Ndiyo maana kwa barabara hizi nachagua za gesi. Gesi ya naitrojeni iliyofungiwa ndani inaikandamiza oili na kuchelewesha povu. Zipo za mirija miwili zenye gesi ya mgandamizo mdogo, na zipo za mrija mmoja zenye mgandamizo mkubwa zaidi. Hizi za mrija mmoja hupoa haraka kwa kuwa oili inagusana na bomba la nje moja kwa moja, ila bei yake iko juu, na jiwe likilibonyeza bomba hilo pistoni inakwama. Kwa mizunguko ya kawaida ya mazao, naridhika na za mirija miwili zenye gesi kutoka kiwanda kinachojulikana, kama vile KYB ya Japani au Monroe ya Marekani.

Dereva naye ana sehemu yake. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu linaloviringika juu ya mchanga. Vijituta vilijitokeza pale tu mwendo ulipovuka kiwango fulani. Kwa hiyo sisi wenyewe, kwa kukimbia, tunaichora barabara inayotuvunjia magari.

3. Nenda dukani na namba ya chesisi

Kusema "nataka za Hilux" hakutoshi; namba ya chesisi ndiyo inayomwonyesha muuzaji ni Hilux ipi. Hilux za kale za 4x4 zilikuwa na springi za mabamba hata mbele. Hilux Vigo, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, mbele ina koili iliyoizunguka shokapu. Shokapu za Hilux inayovutwa na magurudumu mawili na za ile inayovutwa na manne hazilingani urefu. Shokapu ndefu kupita kipimo itagonga mwisho wake kabla chesisi haijafika kwenye raba ya kuzuia, na gari lililopakiwa litaipasua ndani ya muda mfupi. Mimi hubeba na ile ya zamani, nikailinganisha na mpya ikiwa imefunguka yote na ikiwa imebanwa yote. Muuzaji anayekasirikia vipimo hivyo namwachia bidhaa yake.

Nanunua mbili za ekseli moja kwa pamoja, siku zote. Mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hufanya gari livute vibaya kwenye breki.

4. Ijaribu kabla ya kulipa

Ivute na kuibana polepole ikiwa imesimama wima. Uzito unaousikia mkononi uwe sawa mwanzo hadi mwisho, bila sehemu inayopwaya. Ya gesi ukiiachia inapanda yenyewe. Fimbo ing'ae bila mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu unakata sili na oili inaanza kuvuja.

5. Kaza bolti gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake

Hili ndilo ninalotamani kila fundi alishike. Wengi hufunga na kukaza kila kitu gari likiwa bado hewani, ekseli ikining'inia. Bushi za raba zinabanwa katika mkao huo, na gari likishushwa zinajisokota, zinabaki zimejisokota kila siku, kisha zinachanika. Fundi mmoja mzee wa hapa mjini alikuwa akituambia, "Shusha kwanza, mwanangu, ndipo ukaze." Nyuma ya pikapu hilo ni jambo rahisi. Ingiza bolti, zishike kidogo, shusha gari, halafu maliza kukaza kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Kabla ya hapo, nati zenye kutu zilowanishwe tangu jana yake. Weka kabari kwenye magurudumu na stendi chini ya chesisi. Jeki peke yake isiaminiwe. Ekseli ishikiliwe na jeki ya pili ili isivute bomba la breki. Shokapu ya mirija miwili iliyolala dukani ivutwe na kubanwa mara kadhaa ikiwa wima, hewa itoke kwenye oili. Fimbo isishikwe kwa koleo. Juu kabisa ina sehemu bapa ya spana. Angalia pia mkao: kwenye Hilux nyingi shokapu ya nyuma ya upande mmoja inaelekea mbele na ya upande wa pili inaelekea nyuma, ili ekseli isijipinde gari linapovuta.

Koili ya mbele ni habari nyingine. Imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu. Kuifungua kwa kamba au waya, kama nilivyoona kwenye gereji fulani, nakataa kabisa. Kama kibanio chake hakipo, peleka gari kwingine.

6. Usiruhusu itobolewe na kuchomelewa

Wapo wanaotoboa shokapu iliyochoka, wakajaza oili na kuziba kwa moto. Chombo chenye gesi chini ya mgandamizo hakitakiwi kuona moto, na sili iliyokufa haifufuki kwa oili mpya.

7. Rudi chini ya gari baada ya wiki

Bolti hulegea barabara za vumbi zikishazitikisa. Zikague, tazama kama kuna unyevu wa oili kwenye bomba, na pitisha kiganja juu ya tairi: likiwa na mabonde na vilima, shokapu ya gurudumu hilo haifanyi kazi au bushi imekwisha. Kama mbele palifunguliwa, pima na alaimenti. Baadhi ya viwanda hushauri ukaguzi kwenye kilomita 80,000. Kwa njia ya Nduguti mimi sisubiri hata nusu yake. Pua ya gari ikianza kuzama sana kwenye breki nikiteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui, naagiza jozi mpya kabla ya safari inayofuata.