Moyo na Mapafu: Somo kwa Atakaye Kuwa Muuguzi

Wewe kijana wa Kazimia unayetaka kusoma uuguzi, usingoje kitabu chenye picha za rangi. Siku mbuzi anapochinjwa kwenu, omba moyo na mapafu kabla havijatiwa chunguni. Vimeumbwa karibu sawa na vya mtu.

Pasua moyo. Utaona vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Gusa ukuta wa chumba cha chini cha kuume (kuume kwa mbuzi, si kwako unayemtazama), kisha cha kushoto. Mbona wa kushoto ni mnene zaidi? Kwa sababu upande wa kuume hupeleka damu karibu tu, mapafuni. Wa kushoto huipeleka mpaka kichwani na miguuni. Tena mna vilango vinavyofunguka upande mmoja, ili damu isirudi nyuma. Mganga Mwingereza, William Harvey, alieleza mzunguko huo katika kitabu chake mwaka 1628.

Sasa kata kipande cha pafu, ukitie katika beseni la maji. Kinaelea! Kipande cha moyo kinazama. Pafu limejaa vifuko vidogo sana vya hewa, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa myembamba kuliko unywele. Hapo damu huacha hewa iliyotumika na kuchukua hewa safi. Ukitaka kuona pafu likivimba, tumia pampu ya baiskeli, wala si mdomo wako, maana mbuzi naye ana magonjwa yake. Kisha nawa kwa sabuni.

Mtu akipatwa na kichomi, vifuko hivyo hujaa maji na usaha. Pafu la namna hiyo halielei tena. Ndiyo sababu mtoto mwenye kichomi hupumua mbio: vifuko vichache vilivyo vizima vinafanya kazi ya vyote, na moyo nao unakimbia.

Nanyi wazazi, mtoto akikohoa, mfunueni kifua akiwa ametulia, mhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Asiyetimiza miezi 2, hatari ni mara 60 au zaidi. Wa miezi 2 mpaka 11, mara 50. Wa mwaka 1 mpaka 5, mara 40. Mpelekeni kwa mganga siku hiyo hiyo. Na kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au anakataa kunyonya, msingoje hata kupambazuke.