PIKAPU YA MSETO: MAGURUDUMU YA MBELE AU YOTE MANNE?

Utangulizi

Mji wa Duluth, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, umejengwa kwenye ubavu wa kilima kirefu kinachoteremka hadi ufuko wa Ziwa Superior. Barabara zake nyingi hupanda kilima hicho moja kwa moja kutoka ziwani, na kila mwaka wakati wa baridi hufunikwa na theluji. Na afikiriwe seremala wa mji huo mwenye pikapu inayoendeshwa na magurudumu ya mbele. Asubuhi gari likiwa tupu, hupanda kilima bila taabu. Alasiri hurejea na mbao na saruji zenye uzito wa kilogramu 500. Safari hii magurudumu ya mbele yazunguka mahali pamoja, na gari halisogei. Barabara ni ile ile, theluji ni ile ile, na injini haina hitilafu. Je, kimebadilika nini?

Swali hilo si la seremala peke yake. Tangu mwaka 2024 limekuwa swali la kila mnunuzi wa pikapu ndogo ya mseto huko Amerika ya Kaskazini. Jibu lake halipatikani katika matangazo ya biashara, bali katika kanuni mbili ambazo kila mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuzisoma: kanuni ya wenzo na kanuni ya msuguano.

Gari lenyewe

Gari la mseto ni lile lenye injini ya petroli pamoja na mota za umeme. Dereva akanyagapo breki, mota hugeuka kuwa jenereta: sehemu ya nishati ya mwendo hurudishwa katika betri badala ya kupotea yote kama joto. Nishati hiyo hutumika tena gari linapoondoka. Ndiyo maana gari la namna hii huokoa mafuta zaidi mjini, ambako kusimama na kuondoka ni kwingi, kuliko katika barabara kuu.

Mwezi Juni 2021 kampuni ya Ford ya Marekani iliionyesha pikapu ndogo iitwayo Maverick, ambayo huundwa Hermosillo, nchini Meksiko. Aina yake ya mseto ina injini ya lita 2.5 na mota ya umeme, ambazo kwa pamoja hutoa nguvu ya farasi 191, yaani takriban kilowati 142. Hapo mwanzo aina hiyo ilipatikana kwa magurudumu ya mbele tu. Aliyetaka magurudumu yote manne yaendeshwe hakuwa na budi kuchukua injini ya petroli pekee. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kwamba toleo la 2025 la mseto litapatikana kwa namna zote mbili. Hapo ndipo uchaguzi huu ulipozaliwa.

Nguvu za injini zaweza kufikishwa kwenye magurudumu ya nyuma kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya shafti ndefu ipitayo chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Hii ndiyo itumikayo katika Maverick. Njia ya pili ni kuweka mota ya umeme ya pekee huko nyuma, bila shafti. Kampuni ya Toyota ya Japani iliitumia njia hiyo mwaka 2001 katika gari la Estima la mseto. Kwa hesabu zinazofuata, njia zote mbili huleta matokeo ya namna moja.

Msuguano na uzito

Gari haliendi mbele kwa sababu injini inazunguka. Linaenda mbele kwa sababu tairi huisukuma barabara nyuma, na barabara huisukuma tairi mbele. Kani hiyo ya barabara ina kikomo, nacho hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: uzito unaolikandamiza gurudumu chini, na namba ya msuguano baina ya tairi na barabara. Kwenye lami kavu namba hiyo ni kama 0.7 au zaidi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, kwa tairi za kawaida, huweza kushuka hadi 0.2. Kani ikizidi kikomo hicho, tairi huteleza, hata kama injini ni ya nguvu kiasi gani.

Kwa hiyo la msingi ni kujua uzito gani unayakandamiza magurudumu yanayoendeshwa. Katika gari la magurudumu ya mbele, uzito ulioko nyuma hauna faida yoyote kwa kuvuta. Ni mzigo tu wa kuvutwa.

Hesabu ya kilima

Na ichukuliwe pikapu ya mfano yenye uzito wa nyutoni 17,000 pamoja na dereva. Umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Likiwa tupu na limesimama tambarare, ekseli ya mbele hubeba nyutoni 10,200, na ya nyuma 6,800. Kitovu cha uzito kiko mita 0.6 juu ya barabara. Kilima kinapanda mita 10 kwa kila mita 100, na namba ya msuguano ni 0.2. Ukinzani wa hewa na wa tairi kubingirika umeachwa, kwa kuwa ni mdogo.

Gari tupu. Kani inayohitajika kulipandisha ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani nyutoni 1,700. Juu ya mwinamo, uzito kiasi huhama kutoka mbele kwenda nyuma. Kiasi hicho ni kani ya mwinamo mara kimo cha kitovu cha uzito, kugawa kwa umbali wa ekseli: 1,700 × 0.6 ÷ 3 = 340. Basi ekseli ya mbele inabaki na nyutoni 9,860, na kani kubwa iwezayo kupatikana ni 9,860 × 0.2 = 1,972. Hiyo yazidi 1,700. Gari linapanda.

Gari lenye mzigo. Kilogramu 500, yaani nyutoni 5,000, zimewekwa sawasawa juu ya ekseli ya nyuma. Uzito wote sasa ni 22,000, na kani inayohitajika ni 2,200. Lakini ekseli ya mbele haikupata hata nyutoni moja ya nyongeza! Kitovu cha uzito kimepanda hadi mita 0.7, na uzito unaohama ni 2,200 × 0.7 ÷ 3, takriban 513. Ekseli ya mbele inabaki na 9,687, na kani iwezayo kupatikana ni 1,937. Zinapungua nyutoni 263. Gari halipandi. Hii ndiyo siri ya seremala wa Duluth.

Gari lenye mzigo, magurudumu yote manne. Sasa uzito wote wa nyutoni 22,000 unatumika. Kikomo ni 22,000 × 0.2 = 4,400, ambayo ni mara mbili ya kani inayohitajika. Gari linapanda kwa urahisi.

Mwanafunzi na aangalie pia swali la nguvu za injini. Kupanda kilima hicho na mzigo wote kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde kunahitaji 2,200 × 5, yaani wati 11,000, au kilowati 11. Gari lina kilowati 142. Basi lililokosekana si nguvu ya injini, bali mshiko wa tairi. Kununua injini kubwa zaidi kusingelimsaidia seremala hata kidogo.

Mahali pa kuweka mzigo

Madereva wengi wa Amerika ya Kaskazini wana desturi ya kuweka magunia ya mchanga nyuma ya pikapu wakati wa baridi. Desturi hiyo ni nzuri kwa pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa kuwa mchanga huyakandamiza magurudumu yale yale yanayofanya kazi. Kwa pikapu ya magurudumu ya mbele, desturi hiyo hiyo ni hasara. Mazoea yaliyo kweli kwa gari moja huwa makosa kwa jingine.

Mzigo ule wa seremala ukisogezwa mbele, karibu na chumba cha dereva, nusu mita mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele hupata nyongeza ya 5,000 × 0.5 ÷ 3, takriban nyutoni 833. Upungufu wa 263 hushuka hadi 96. Bado gari halipandi, lakini pengo limekuwa dogo: akipunguza mzigo kiasi, atapanda. Kinyume chake, mzigo ukiwekwa mwisho kabisa, nyuma ya ekseli, huinyanyua sehemu ya mbele kama mtoto mzito anavyomnyanyua mwenzake kwenye pembea ya ubao. Trela lifungwalo nyuma hufanya vivyo hivyo.

Gharama yake

Faida ya magurudumu manne haiji bure. Shafti, gia na ekseli ya nyuma huongeza uzito na msuguano wa ndani. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Maverick ya mseto ya mwaka 2025 yenye magurudumu ya mbele huenda maili 42 kwa galoni mjini. Yenye magurudumu manne huenda maili 40. Hizo ni takriban kilomita 17.9 na 17.0 kwa lita. Kwa mwendo wa kilomita 20,000 mjini, tofauti ni karibu lita 56 za petroli. Kiasi hicho si kikubwa. Gharama nzito zaidi ni bei ya kununulia, pamoja na vipuri vya ziada vinavyohitaji kutunzwa na siku moja kubadilishwa.

Kwa upande mwingine, aina ya magurudumu ya mbele imewekewa kikomo cha kuvuta trela la paundi 2,000, kama kilogramu 907. Aina ya magurudumu manne, ikiwa na vifaa maalumu vya kuvutia, imeruhusiwa paundi 4,000, kama kilogramu 1,814.

Jambo ambalo magurudumu manne hayawezi

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Gari lolote, liwe la magurudumu ya mbele au manne, lina breki katika magurudumu yote. Kwa hiyo wakati wa kusimama hakuna tofauti kati yao.

Na ichukuliwe pikapu yenye mzigo ikishuka kilima kile kile kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Breki zaweza kutoa kani ya nyutoni 4,400 tu. Lakini mwinamo unalivuta gari chini kwa 2,200. Zinabaki 2,200 za kulisimamisha gari la kilogramu 2,200. Kasi itapungua kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, na gari litasimama baada ya mita 50. Tairi za majira ya baridi zikiinua namba ya msuguano hadi 0.3, breki zitatoa 6,600, zitabaki 4,400, na gari litasimama baada ya mita 25.

Umbali umepungua kwa nusu, na kilichobadilishwa ni tairi tu. Na si hayo pekee: kwa namba hiyo ya 0.3, hata pikapu ya magurudumu ya mbele yenye mzigo hupata kani ya 9,687 × 0.3, yaani 2,906, nayo hupanda kilima kilichoishinda. Mpira wa tairi za kawaida hukakamaa kwenye baridi kali na kupoteza mshiko, ilhali ule wa tairi za baridi hubaki laini. Kwa sababu hiyo jimbo la Quebec, nchini Kanada, limeamuru kwa sheria tairi hizo zitumike kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi.

Dereva wa magurudumu manne hupanda kilima kwa urahisi hata asitambue jinsi barabara inavyoteleza. Hulitambua hilo wakati wa kushuka, pengine akiwa amechelewa.

Hitimisho

Anayeishi mahali tambarare, abebaye mizigo myepesi, hana haja ya kulipia magurudumu manne. Mwenye kilima, mzigo mzito, matope au trela kubwa, anayo haja hiyo. Lakini wote wawili hawana budi kuanza na tairi, kwa maana magurudumu manne humsaidia mtu kuondoka, na tairi humsaidia kuondoka na kusimama pia. Kanuni hizi ni zile zile kwenye udongo wa mfinyanzi wa milima ya Afrika ya Mashariki wakati wa masika, ambako barabarani hakuna theluji ila utelezi wajulikana sana.

Jaribio la darasani

1. Ubao wa mita moja uwekwe juu ya mizani mbili za jikoni, moja kila mwisho. Tofali lisogezwe polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na vipimo vya mizani zote mbili viandikwe kila baada ya sentimita 10.

2. Kipande cha mti chenye mpira chini yake kiwekwe juu ya ubao. Mwisho mmoja wa ubao uinuliwe mpaka kipande kianze kuteleza. Kimo cha mwisho huo, kikigawanywa kwa urefu wa kitako cha pembetatu iliyofanyika, ndicho namba ya msuguano. Jaribio lirudiwe ubao ukiwa umelowa maji, kisha ukiwa umepakwa matope.

Maswali

1. Kwa nini mzigo uliowekwa juu ya ekseli ya nyuma hauongezi uzito wa ekseli ya mbele?

2. Pikapu tupu ya mfano inavuta trela la mashua lenye uzito wa nyutoni 9,000 kutoka ziwani, juu ya mwinamo unaopanda mita 14 kwa kila mita 100. Kwa kupuuza uzito unaohama, tafuta namba ndogo kabisa ya msuguano itakayotosha (a) kwa magurudumu ya mbele, (b) kwa magurudumu yote manne.

3. Seremala ana fedha za kununulia kimoja tu kati ya viwili: gari la magurudumu manne, au tairi za baridi kwa gari alilo nalo. Mshauri, na utetee ushauri wako kwa hesabu.

Majibu ya swali la 2: (a) takriban 0.36; (b) takriban 0.21.