Kisukari na Kuvu ya Ukeni

Ulanzi unapogemwa huko Iringa katika majira ya mvua huwa ni maji matamu tu ya mwanzi. Ukikaa, hugeuka kuwa pombe, kwa kuwa viumbe wadogo wa jamii ya hamira wameila sukari iliyomo. Kanuni hiyo, kwamba hamira hustawi penye sukari, yatusaidia kuelewa ugonjwa ambao wanawake wengi huuficha: mwasho wa sehemu za siri unaorudi mara kwa mara.

Kuvu iitwayo Candida albicans nayo ni ya jamii ya hamira. Huishi ukeni mwa wanawake wengi wenye afya bila kuwadhuru, kwani bakteria walinzi na chembe nyeupe za damu huizuia isizidi. Kwa mgonjwa wa kisukari asiyetibiwa mambo hubadilika. Insulini ikipungua au ikishindwa kufanya kazi yake, glukosi hulimbikizana katika damu. Ikizidi miligramu 180 hivi kwa kila desilita, figo haziwezi kuirudisha yote, nayo hutoka na mkojo. Huongezeka pia katika majimaji ya ukeni. Wakati huohuo chembe nyeupe hulegea. Basi kuvu yapata chakula, na mlinzi amesinzia.

Dalili zake ni mwasho mkali, wekundu, maumivu wakati wa kukojoa, na utoko mweupe mzito kama maziwa ya mgando. Hapa ndipo madhara makubwa huanza, nayo si ya mwili pekee. Mama hudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, na shaka huingia nyumbani. Akinunua antibiotiki dukani, dawa hiyo huua bakteria walinzi na kuiacha kuvu, na mwasho huzidi. Kujiosha ndani kwa sabuni au dawa za majani huleta hasara vilevile. Klotrimazoli huiua kuvu, lakini sukari isipotawaliwa ugonjwa hurudi.

Si kila mwasho ni kisukari. Ujauzito nao huweza kuuleta. Hata hivyo, unaporudi mara kwa mara, sukari ya damu ipimwe, katika zahanati yenye kipimo au katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Darasani, kanuni ya kupima sukari huonekana kwa kemikali ya Benedict. Tia mililita 5 katika neli, ongeza matone 8 ya maji yenye glukosi (tusitumie mkojo wa mwanafunzi), kisha chovya neli katika maji yanayochemka kwa dakika 5. Buluu itageuka kijani, manjano, rangi ya machungwa, hata nyekundu ya matofali, kadiri ya wingi wa sukari. Mjini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za sentigredi, jaribio halidhuriki. Lakini mkojo usio na sukari hauthibitishi kwamba mtu hana kisukari, maana sukari ya damu yaweza kuwa juu bila kuvuka kiwango cha figo.

Siku hizi zipo dawa za kisukari, kama dapagliflozini, ambazo kwa makusudi huitoa sukari kwa njia ya mkojo. Hufaa sana moyo na figo, lakini huongeza kuvu hii. Anayezitumia akiona mwasho amweleze daktari, asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.