Kufundisha Habari za Ubongo na Ugonjwa wa Kifafa Katika Shule ya Msingi

Mwalimu anayepangiwa shule katika Mkoa wa Morogoro, iwe Mgeta, Matombo, Kilosa au Ulanga, ajiandae kukutana na mtoto mwenye kifafa. Pengine atamkuta darasani. Pengine, na hili ndilo baya zaidi, atalikuta jina lake tu katika daftari la mahudhurio, limejaa alama za utoro wiki baada ya wiki. Na wenzake wakiulizwa watajibu kwa sauti ya chini kwamba mwenzao "ana ule ugonjwa". Mtoto huyo hakufukuzwa na mtu. Ameondolewa na hofu: hofu ya wazazi wake kwamba ataanguka njiani au motoni, na hofu ya wanafunzi wenzake kwamba povu la kinywa chake litawaambukiza.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuandaa somo la sayansi la vipindi viwili vya dakika 40 juu ya kazi ya seli za ubongo. Huenda ikaulizwa kwa nini tusiwaambie watoto tu kwamba kifafa hakiambukizi, tukaendelea na mambo mengine. Jibu ni kwamba hofu haiondoki kwa amri. Mtu huogopa jambo asilolijua chanzo chake, na neno kifafa lenyewe laitia hofu nguvu, kwa kuwa sikio husikia ndani yake kitenzi kufa. Lakini mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba ndani ya ubongo zimo kemikali za kuamsha na kemikali za kutuliza, na kwamba kifafa ni kupotea kwa mizani baina ya hizo mbili, amepata kitu cha kuweka mahali pa ile hofu.

Kwanza mwalimu mwenyewe sharti awe na maarifa zaidi ya yale atakayoyafundisha. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, nao una seli za neva zipatazo bilioni 86. Uzito huo ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili uliopumzika. Nishati hiyo yaenda wapi? Sehemu kubwa hutumika kuendesha pampu ndogo mno zilizomo katika utando wa kila seli. Kila pampu hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ndani ioni 2 za potasiamu, usiku na mchana, hata tukiwa tumelala. Aliyeigundua ni mtaalamu wa Denmark, Jens Skou, aliyechapisha matokeo ya kazi yake mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za kaa wa pwani. Naye alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1997.

Kwa wanafunzi wa milimani mfano wa jambo hili upo karibu. Mkulima wa mboga wa Mgeta huyazuia maji ya mfereji kwa udongo na mawe. Akiondoa bonge moja, maji hushuka yenyewe kwa kasi kuelekea shambani. Pampu ya seli ni kama mtu apandishaye maji mlimani kwa ndoo, na ujumbe wa neva ni yale maji yashukayo mfereji ufunguliwapo. Vilango katika utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na badiliko hilo la umeme husafiri kutoka mwanzo wa seli hadi mwisho wake. Kwa hiyo ubongo usipopata sukari na hewa ya oksijeni, pampu hulegea na kazi yote huharibika.

Ujumbe ukifika mwisho wa seli moja hukuta ufa mwembamba kabla ya seli inayofuata, na hapo ndipo kemia inapotwaa kazi. Seli humwaga kemikali katika ufa huo. Kemikali kuu ya kuamsha huitwa glutameti. Kemikali kuu ya kutuliza huitwa gaba, nayo ilitambuliwa katika ubongo mwaka 1950. Gaba hufungua vilango vya kloridi, na seli iliyopokea kloridi huwa nzito kuamka. Jambo la ajabu, ambalo mimi hupenda kulitaja kila mwaka kwa wanachuo, ni kwamba gaba hutengenezwa kutokana na glutameti yenyewe. Kimeng'enya kimoja huondoa hewa ya kaboni kutoka katika molekuli ya glutameti, nacho huhitaji msaada wa vitamini B6. Kwa hatua hiyo moja, kitu kinachoamsha hugeuka kuwa kitu kinachotuliza.

Sasa kifafa ni nini? Ni kuwaka kwa pamoja na kupita kiasi kwa kundi kubwa la seli za ubongo. Kwa kawaida seli husemezana kwa zamu, hii ikiamka na ile ikitulia. Utulizaji ukipungua, au uamshaji ukizidi, seli nyingi hupaza sauti kwa wakati mmoja. Na misuli, ambayo ni watumishi wa ubongo, hukaza na kutetemeka. Vivyo hivyo povu: mgonjwa hawezi kumeza mate, na pumzi huyachapa mate yale hadi yakawa povu. Ni mate ya kawaida.

Dawa ya zamani inayotumika hata leo katika zahanati zetu, fenobabito, ilionyeshwa kuwa yafaa kwa kifafa na daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, mwaka 1912. Alijua kwamba yafaa bila kujua sababu. Leo twajua: dawa hiyo hufanya vilango vinavyofunguliwa na gaba vikae wazi kwa muda mrefu zaidi. Kutokana na hayo mwalimu aweza kumweleza mzazi kwa nini dawa isiachwe ghafla mtoto anapoonekana kupona. Ubongo uliozoea msaada huo ukinyimwa kwa siku moja, mizani hupotea vibaya kuliko mwanzo, na kifafa cha mfululizo chaweza kuua.

Mkoa wetu una sehemu yake katika historia ya utafiti huu. Mwaka 1960 daktari aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, baada ya kuona wagonjwa wengi waliojificha na walioungua moto. Aliwatibu kwa fenobabito, na katika miaka hiyo ya 1960 aliandika pia habari za watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia. Hali hiyo ilikuja kuchunguzwa sana baadaye nchini Uganda na Sudan Kusini. Utafiti wa Henry Rwiza na wenzake, uliochapishwa mwaka 1992, ulikuta katika Wilaya ya Ulanga watu 10 hivi wenye kifafa kwa kila watu 1,000. Uchunguzi mwingine wa nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Mahenge, uliofanywa mwaka 2017, ulikuta 25 hivi kwa kila 1,000. Na vijiji vya mashambani vilizidi kwa mbali vile vilivyo karibu na mji.

Kwa nini Mahenge? Watafiti wamemshuku usubi, yule inzi mdogo mweusi aumaye mchana kandokando ya mito iendayo kasi, ambaye huwatia watu minyoo ya ugonjwa wa usubi. Mahali wenye minyoo ni wengi, na kifafa cha watoto ni kingi. Namna minyoo inavyoudhuru ubongo bado ni mjadala. Mwaka 2017 wachunguzi walieleza kwamba kingamwili ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya minyoo huenda zikashambulia protini iliyomo pia katika seli za neva; mwaka 2018 wengine, waliochunguza ubongo wa marehemu huko Uganda, wakakuta mrundikano wa protini iitwayo tau, ambayo huonekana pia katika maradhi mengine ya ubongo. Mito ya Uluguru nayo imo katika maeneo ya usubi nchini, na aina moja ya usubi wa milimani hukulia juu ya gamba la kaa wa mtoni. (Kaa huyu na yule wa Skou ni mbali kwa ukoo, lakini wanafunzi hufurahi kusikia kwamba mnyama mmoja ameingia mara mbili katika hadithi ya neva.) Dawa ya ivamektini imekuwa ikigawiwa Mahenge tangu mwaka 1997, na mwalimu asaidie siku ya ugawaji kwa moyo wote.

Hapa pana mtego kwa mwalimu. Akisema kwa haraka kwamba kifafa hakina uhusiano wowote na uambukizo, mwanafunzi mwerevu atamuuliza: mbona umesema usubi? Jibu sahihi ni kwamba kifafa chenyewe hakitoki kwa mgonjwa kwenda kwa mtu mwingine, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa kumshika. Bali baadhi ya maradhi yanayojeruhi ubongo, na hivyo kuacha kifafa nyuma, yana vijidudu vyake na njia zake. Malaria kali ya watoto ni mojawapo. Jingine ni tegu wa nguruwe. Wengi hudhani mtu hupata uvimbe wa tegu katika ubongo kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Sivyo. Nyama hiyo humpa mtu tegu wa tumboni. Uvimbe wa ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi cha binadamu, kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote aweza kuugua. Somo la choo na kunawa mikono ni somo la ubongo pia.

Tuje kwenye kufundisha. Zana ni punje za mahindi, maharage, na makopo 12. Wapange wanafunzi 12 kwa mstari, kila mmoja na kopo lake. Hao ni seli. Wengine wanne wasimame pembeni na maharage. Hindi moja ni "amka", haragwe moja ni "tulia". Kila mwenye mahindi yanayozidi maharage yake kwa mawili huinua mkono, kisha hupewa na mwalimu mahindi mawili ampe jirani. Anza kwa kumpa wa kwanza mahindi mawili. Wenye maharage wakifanya kazi yao, mikono huinuka mmoja mmoja, na ujumbe hufika mahali fulani ukakoma. Kisha waondoe wanne wale. Kila seli sasa iwape majirani wa pande zote mbili. Muda si mrefu mikono 12 iko juu, na hakuna ujumbe unaoeleweka. Waache watazame kwa kitambo, ndipo uulize: nini kimebadilika? Jibu la kwamba maharage yamekwisha, likitoka kinywani mwa mtoto, lina thamani kuliko maelezo ya mwalimu ya saa nzima. Wachezaji waishie kuinua mkono tu. Asiruhusiwe yeyote kuigiza kuanguka, na mwanafunzi mwenye kifafa asitajwe wala kutazamwa kuwa mfano.

Katika kipindi cha pili wafundishe huduma ya kwanza. Watazame saa. Waondoe vitu vigumu na moto karibu na mgonjwa, waweke nguo laini chini ya kichwa, wasimbane viungo, wasimtie kitu chochote mdomoni, hata kijiko, wala wasimnyweshe maji. Mtetemeko ukikoma wamlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe penye matibabu mara moja.

Unapokwenda nyumbani kwa mtoto asiyekuja shule, usianze kwa kudharau waliyokwisha kuyafanya kwa mganga; waulize kwanza, kisha ueleze habari za dawa na zahanati. Na kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, omba mjomba wa mtoto awepo, maana neno lake lina uzito.

Kwa tathmini, andika ubaoni swali hili: "Mwenzako ameanguka kifafa uwanjani. Eleza kinachotokea katika seli za ubongo wake, kisha eleza utakayoyafanya." Toa alama nusu kwa kila sehemu. Anayeandika huduma vizuri lakini akaongeza kwamba atakaa mbali na mate, mrudishe kwenye makopo na maharage.