"Yangu" na "Yetu": Somo Juu ya Ubinafsi na Kuwatanguliza Wengine

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema anastahiki Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Maswahaba zake. Ama baad.



Katika toleo la mwaka huu tumeona tuzungumzie maradhi ambayo kila mmoja wetu anayo kwa kiasi chake, nayo ni ubinafsi. Hatutaanzia mbali. Tutaanzia kwenye mkeka wa futari wa madrasa yetu wenyewe.

Ramadhani iliyopita tuliwatangazia wanafunzi kwamba Alhamisi tutafuturu pamoja, tukasema, "Kila mtu aje na futari yake." Tulidhani tumesema jema. Ilipofika Magharibi, wenye tambi na sambusa walikaa upande mmoja, wenye mihogo na viazi vitamu wakakaa upande mwingine, na kila mmoja akalikumbatia bakuli lake. Mwanafunzi mmoja alibaki bombani akitia udhu, na udhu ule haukuisha. Tulipomwita akajibu kwamba ameshiba. Ameshiba nini, na adhana ndiyo kwanza imemalizika? Ukweli ni kwamba hakuwa na futari "yake" ya kuja nayo.

Usiku ule tulirudi majumbani kwetu na haya. Kosa halikuwa la watoto. Lilikuwa letu sisi walimu, kwani ndio tuliolitamka lile neno "yake". Ndipo tukaona haja ya somo hili.

1. MAANA YA UBINAFSI NA ITHARI

Ubinafsi unatokana na neno nafsi. Ni hali ya mtu kuifanya nafsi yake kuwa kipimo cha kila kitu: kinachomfaa yeye ndicho chema, kinachowafaa wengine hakimhusu. Kinyume chake wanazuoni wanakiita ithari, yaani kumtanguliza mwenzako katika kitu ambacho wewe mwenyewe unakihitaji.

Wanazuoni wanataja daraja za ukarimu. Ya kwanza ni kutoa bila kujipunguzia kitu, kama mwenye mikate kumi anayetoa mmoja. Ya pili ni kutoa kilicho kingi, au kugawana sawa na mwenzako. Ya tatu, iliyo juu kabisa, ndiyo ithari: una mkate mmoja, una njaa, na unampa mwenye njaa kuliko wewe.

Tahadhari hapa. Kujitunza si ubinafsi. Katika Bukhari imepokewa kwamba Salman (r.a.) alimkuta ndugu yake Abu Dardai (r.a.) amejisahau kwa kufunga na kuswali hata mkewe hamtazami. Salman akamfahamisha kwamba Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Kwa hiyo anayewaacha wanawe na njaa ili asifiwe mtaani kwa ukarimu hajafikia ithari. Amedhulumu.

2. UBINAFSI KATIKA MANENO YETU YA KILA SIKU

Ulimi ni mlango wa moyo. Tukitaka kujua moyo una nini, tusikilize tunavyosema sokoni, kisimani na nyumbani.

Jirani akipatwa na jambo tunasema, "Shauri yake." Tukiombwa kuamua ugomvi tunajibu, "Hainihusu." Ndugu akitunasihi tunamwambia, "Shika hamsini zako." Mwenye dhamana ya mali ya umma akiidokoa anajitetea kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, akisahau kwamba kamba ile kafungwa na wenye shamba wanaomwamini. Naye aliyemsaidia mtoto wa ndugu kusoma, kila penye watu watatu husema, "Huyu bila mimi asingefika pale."

Lakini Kiswahili hiki hiki kimebeba dawa. Tunapita mbele ya watu wanaokula, hatuwajui, nao wanatukaribisha. Mtu akijikwaa tunamwambia "pole", ingawa si sisi tuliouweka mchi wala jiwe njiani. Tunamwita tusiyemjua jina "mwenzangu" au "ndugu yangu". Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maneno haya ni amana. Anayesema "karibu" huku mkono wake unavuta sinia kwake, amelitamka neno la ithari kwa nia ya ubinafsi.

3. MANENO MATATU YA HATARI

Imamu Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Zad al-Ma'ad, ametahadharisha juu ya maneno matatu ya Kiarabu: ana, lii na indii. Maana yake ni "mimi", "ni vyangu" na "kwangu". Kila neno limeangamiza mtu katika Qur'an.

Iblisi aliangamia kwa "mimi". Alipoamrishwa kumsujudia Adam alijiona bora kwa sababu ya asili yake ya moto (7:12). Firauni aliangamia kwa "ni vyangu", pale alipojigamba kwa watu wake kuwa ufalme wa Misri na mito yake ni mali yake (43:51). Qaruni aliangamia kwa "kwangu", alipodai kuwa hazina zake amezipata kwa elimu iliyo kwake (28:78). Mmoja alijivunia asili, wa pili madaraka, wa tatu mali na ujuzi. Je, majivuno ya mitaani kwetu leo yanatoka nje ya hayo matatu?

Wala Imamu hakuyaharamisha maneno yenyewe. Amebainisha kwamba yana mahali pake pazuri: "mimi" pale mja anapokiri kuwa ni mkosefu, "ni vyangu" anapozitaja dhambi zake na umasikini wake mbele ya Mola, na "kwangu" anapoomba asamehewe yote aliyonayo ya makosa. Basi tuyatumie maneno haya tunapotubu, tuyaogope tunapojisifu.

4. HATA ANAYESWALI PEKE YAKE HUSEMA "SISI"

Tuitazame Suratul-Fatiha, tunayoisoma si chini ya mara kumi na saba kila siku katika swala za faradhi. Katika aya ya tano mja anakiri kwamba ni Mwenyezi Mungu tu anayeabudiwa na kuombwa msaada, na katika aya ya sita anaomba uongofu. Aya zote mbili zimekuja kwa wingi: tunaabudu, tunaomba, utuongoze. Mtu anaweza kuamka usiku wa manane chumbani peke yake, mlango umefungwa, na bado atasema "sisi". Hakuruhusiwa kuomba njia iliyonyooka kwa ajili yake mwenyewe tu.

Sasa tuisome Suratul-Maun (107). Humo wameonywa watu wanaoswali, lakini swala zao wanazipuuza, wanajionesha kwa watu, na wananyima maun. Wafasiri wengi wameeleza kuwa maun ni vitu vidogo vidogo vya kuazimana, kama chungu, ndoo na shoka. Kwetu hapa tungeongeza jembe, kamba ya kisima na pampu ya baiskeli. Aliyetoka msikitini kisha akamnyima jirani ndoo wakati yake imelala tupu uani, ajiulize ile "sisi" aliyoisema katika Fatiha ilikuwa na nani ndani yake.

5. ANSWARI WA MADINA NA WENYEJI WA MPANDA

Muhajirina walipofika Madina mwaka 622, wengi wao walikuwa wameacha nyumba na mali zao Makka. Answari waliwapokea, wakagawana nao walichokuwa nacho. Katika Suratul-Hashr aya ya tisa Mwenyezi Mungu amewasifu kwamba waliwatanguliza wenzao hata pale wao wenyewe walipokuwa na dhiki. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa aya hiyo ilihusiana na Answari aliyemchukua mgeni wa Mtume (s.a.w.) nyumbani na hali chakula kilichokuwapo ni cha watoto tu. Mkewe aliwalaza watoto, akaizima taa kana kwamba anaitengeneza, na wawili wale wakajifanya wanakula gizani ili mgeni ashibe bila kuona haya.

Kumbuka jambo hilo la mwisho. Hawakumpa chakula tu, walimhifadhia heshima yake.

Wanafunzi wetu, habari hii si ya Madina peke yake. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, yote katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Walipewa ardhi msituni, wakafyeka, wakalima, wakalisha nafsi zao na wengine. Mwaka 2014 serikali iliwakabidhi uraia watu zaidi ya 150,000 wa kundi hilo la 1972, wakiwemo wa Katumba na Mishamo. Leo ni Watanzania kama sisi.

Hapa ndipo ubinafsi wa ulimi unapotuaibisha. Bado katika michezo ya watoto wetu, na wakati mwingine katika vinywa vya watu wazima, mtu akikosana na mwenzake humwita "mkimbizi". Yule mwanafunzi aliyebaki bombani alikuwa ameshaitwa hivyo wiki ile ile. Neno moja linamwambia mtu aliyezaliwa hapa, na mzazi wake akazaliwa hapa, kwamba nchi hii ni "yetu" bila yeye. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alikuwa Muhajir, aliyehama mji wake kwa kuudhiwa. Nani kati yetu angethubutu kuliona hilo kuwa tusi?

6. MFANO KUTOKA KAREMA

Mtume (s.a.w.) aliusifu mkataba wa Hilful-Fudhul, ambao watu wa Makka waliufunga kabla ya Uislamu ili kumtetea aliyedhulumiwa. Nasi tunajifunza kuutambua wema popote ulipo.

Huko Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa wetu huu, alikuwapo tabibu aitwaye Adrian Atiman. Hakuwa Muislamu, alikuwa Mkatoliki. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani kuvuka jangwa la Sahara. Wamisionari walimkomboa Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu, kisha akafika Karema mwaka 1889. Alibaki huko akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60.

Mtu huyu alinyang'anywa kila alichoweza kukiita "changu": wazazi, kwao na uhuru wake. Angeweza kusema dunia inamdai. Badala yake aliutumia umri wake kwa wagonjwa wa nchi ambayo hakuzaliwa. Ikiwa jirani yetu wa dini nyingine amefanya hivyo, sisi tuliosomeshwa Suratul-Maun tutakuwa na udhuru gani?

7. UBINAFSI UNAOJIFICHA NDANI YA HUDUMA

Ubinafsi ukifukuzwa mlangoni hurudi kwa dirishani. Mtu anaweza kutoa, kufundisha na kujenga msikiti, na yote yakawa kwa ajili ya jina lake. Imepokewa na Muslim kwamba miongoni mwa wa kwanza kuhukumiwa Siku ya Kiama ni mpiganaji, msomi na mtoaji, ambao walifanya hayo ili watajwe. Walitajwa duniani, basi malipo yao yakaishia huko. Na katika Suratul-Baqara (2:264) tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na udhia. Fadhila za namna hiyo ni fadhila za punda, ambazo mwisho wake ni mateke.

Alama ya huduma ya kweli ni hii: ukitenda wema na usishukuriwe, je, utautenda tena? Ukinuna, basi ulikuwa unauza, hukuwa unatoa.

8. MWISHO WA HABARI YA FUTARI

Alhamisi iliyofuata hatukusema "yake". Tuliwasimulia wanafunzi habari ya Maashari, kabila la Abu Musa (r.a.). Chakula kilipowapungua walikuwa wakikikusanya chote walichonacho katika nguo moja na kugawana sawa kwa chombo kimoja, na Mtume (s.a.w.) akasema kuwa wao ni katika yeye, naye ni katika wao. Kisha tukatangaza, "Leteni futari yetu. Asiye na cha kuleta alete maji."

Vyakula vyote vilimiminwa kwenye masinia mlangoni, kabla mtu hajajua nani kaleta nini. Mihogo ilikaa pamoja na sambusa. Yule mwanafunzi alileta ndoo mbili za maji, na wote tuliokuwa pale tulifungua swaumu kwa maji yake kabla ya kula chochote. Siku ile hakuna aliyechelewa bombani.

MAZOEZI NA MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya kugawana sawa na ithari, kwa mfano wa nyumbani kwenu.
2. Taja maneno matatu aliyotahadharisha Ibn al-Qayyim, na aliyeangamia kwa kila neno.
3. Kwa nini Answari yule alizima taa? Sisi tunawezaje kumsaidia mtu bila kumvunjia heshima?
4. Kwa siku saba, andika kila jioni mara ulizosema "hainihusu" au "shauri yake". Usimwoneshe mtu daftari hilo. Lisome wewe na Mola wako.
5. Wiki hii mwazime jirani kitu kimoja, na ufanye wema mmoja ambao hakuna atakayejua ni wewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azikinge nafsi zetu na uchoyo, azitakase nia zetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa waliofaulu. Amin.

Wabillahi tawfiq.