SHAHADA YA KUNUNUA NI SHAHADA YA UWONGO

Bismillahi. Amma baadu.

Suala: Baba mmoja wa hapa Muleba ameniuliza: mwanawe yuko Chuo Kikuu, naye ataka fedha amlipe mtu amwandikie kazi ya utafiti, kwani asema wenziwe hufanya hivyo. Je, yajuzu baba auze kahawa yake amlipie?

Jawabu: Haijuzu, si kwa mlipaji wala kwa mwandikaji. Na sababu zake ni hizi.

Kwanza, tutazame mlango wa wakala. Katika madhehebu ya Imamu Shafii yako mambo yakubaliyo kuwakilishwa, kama kuuza na kununua, kugawanya zaka, na kumhijia asiyejiweza. Na yako yasiyokubali, kama sala na kiapo, kwa kuwa atakwaye humo ni mtu mwenyewe. Mtihani ni wa namna hii. Mwalimu hakutaka karatasi. Ataka kujua kilichomo kichwani mwa mwanafunzi.

Pili, tutazame jina lenyewe. Shahada ni ushahidi: wakuu wa chuo wawashuhudia watu ya kuwa fulani ajua. Akiwa hajui, amewashuhudisha uwongo nao hawana habari. Na ushahidi wa uwongo Mtume wetu (s.a.w.) ameuhesabu katika madhambi makubwa kabisa. Tena Sura ya Aal Imran, aya ya 188, yawaonya wapendao kusifiwa kwa wasiyoyatenda.

Tatu, madhara yake. Mgonjwa hamwulizi tabibu ni nani aliyemwandikia. Humwamini kwa shahada yake, akampa mwili wake. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania iliwaondoa kazini watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Lakini cheti cha kughushi hujulikana kikilinganishwa na daftari. Hii ya kununua, karatasi yake ni ya kweli na muhuri wake ni wa kweli, aliye wa uwongo ni mwenyewe. Basi hatari yake ni kubwa zaidi.

Ama mwandikaji, tusimdharau. Kenya wako vijana wengi waliosoma, wasiopata kazi, huwaandikia kwa mtandao wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, amelichunguza jambo lao. Elimu yao ni ya kweli, na njaa yao ni ya kweli. Lakini ijara haisihi ila kwa manfaa ya halali, na ujira hufuata hukumu ya kazi. Tena nao wajidhulumu, kwani elimu yao yavikwa jina la mwingine. Sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 2022 imeifanya biashara hii kuwa kosa katika England kwa muuzaji, wala haimshitaki mwanafunzi. Sharia yetu yawauliza wote wawili.

Lililo halali ni kumfundisha, kumwonyesha njia, na kumpigia chapa aliyoyaandika mwenyewe.

Basi ewe baba, fedha ya kahawa mnunulie mwanao vitabu, au mlipie arudie mwaka. Kushindwa si dhambi. Chuoni mtoto hukosea herufi, mwalimu akamrudisha, akasoma tena. Na sote hivyo ndivyo tulivyoijua Alif.

Wallahu aalam.